Dodoso la IPNG kwa Kichina: hushizhang ni utawala au ni nesi?

nesi_mwanafunzi
Habari zenu wadau. Nasoma masters ya uuguzi huku China, na wenzangu tunaandaa IPNG, lile dodoso la Robert Hess la 1998 lenye maswali 86 la kupima nani anaamua mambo ya uuguzi hospitalini, utawala au manesi, liwafae manesi wa huku. Kichina tayari, mtu mwingine akakirudisha Kiingereza bila kuona ya mwanzo, ikatoka karibu ileile, tukashangilia. Sasa tumewapa manesi wachache wajaribu na wote wanakwama palepale: majibu yanaanzia 1 (utawala peke yake) mpaka 5 (manesi peke yao), sasa hushizhang, yaani nesi mkuu wa wodi, tumweke wapi? Zamu anapanga yeye, na asubuhi unamkuta anatundika dripu kama wengine. Supavaiza anasema kila mtu ajaze anavyoelewa. Kweli jamani?

Mzee wa Takwimu
Msikubali. Wodi moja, swali moja la zamu, huyu anajaza 1 mwenzake 5, na wote wanamsema mama yuleyule! Kwa Hess mameneja wa uuguzi wako upande wa utawala, kwahiyo andikeni hivyo juu kabisa kabla ya swali la kwanza. Kutafsiri na kurudisha kunashika maneno tu, shida kama hii hakuwezi kuiona. Kaeni na nesi mmoja mmoja asome kwa sauti aseme kaelewa nini, inachosha lakini ndo dawa.

dada_K
Naongezea, msisome maksi kama mtihani. 430, yaani 5 kwenye maswali yote 86, haimaanishi hospitali bora, inamaanisha manesi wanaamua kila kitu peke yao. Kugawana madaraka ni 173 hadi 344, nusu kwa nusu ni 258. Niliwahi kuona mtu kaandika "juu ndo vizuri" kwenye thesis, nikamwonea huruma. Na alpha (kipimo cha maswali kuendana) ikitoka 0.95 msirukeruke, maswali 86 lazima ipande tu, angalieni kama vile vipengele sita, yaani mafungu ya maswali ya dodoso, vinasimama. Sampuli kwa ile hesabu ya watu watano kila swali ni watu 430, na watu wa kutafutia vipengele upya wasiwe walewale wa kuvithibitishia.

nesi_mwanafunzi
Asanteni sana, supavaiza kakubali. Tumeweka mstari juu: hushizhang ahesabiwe utawala. Leo nesi wa kwanza kausoma vizuri, akanyamaza, akauliza "na naibu wake je?" 😩