PRD (hati inayoeleza mfumo utafanya nini) ya mfumo wa wakulima wa viazi, naiandikaje developa aelewe?

Mwanzisha mada
Habari zenu wakuu. Nipo Mbeya, nimepewa kazi ya prodakti meneja kwenye kampuni ndogo, tunatengeneza mfumo wa kuunganisha wakulima wa viazi wa Uyole na Makete na wanunuzi wa mjini, mkulima anatangaza mzigo kwa simu mnunuzi anauona anaweka oda. Nimejaza tempuleti ya PRD ya mtandaoni, kuna maono, kuna washindani, hadi rangi za vitufe zipo, ila developa wetu mkubwa anasema kaisoma yote na hajui aanzie wapi. Nyie mnaandikaga nini hasa?

Jibu 1
Mkuu anza na shida, vitufe baadae. Ukurasa wa kwanza eleza mkulima leo anauzaje: dalali anafika shambani, bei anapanga yeye, gunia linajazwa lumbesa (kupita kiasi), na mkulima hana pa kujulia bei ya soko la Mwanjelwa asubuhi hiyo ikoje. Halafu andika mtajuaje mmefanikiwa, kwa namba, mfano kila tangazo lipate ofa mbili ndani ya siku moja. Hiyo namba mkubaliane na bosi kabla ya kuandika kingine chochote.
Na angalia hapa, ukiandika "mkulima aweke idadi ya magunia" mmeshaharibu. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, lumbesa inapita hapo, kwahiyo mnunuzi na mkulima watakua wanaongelea vitu viwili tofauti na ugomvi utawarudia nyie. Andika kilo.

Jibu 2
Mimi ni developa, nipo Iringa. Kinachotutesa ni yale ambayo hayajaandikwa. Wakulima wengi wa huko wana vitochi, so mtatumia USSD (zile menyu za kupiga nyota na reli), na skrini moja ya USSD inabeba herufi 182 tu, menyu ndefu haiingii. Sasa niambie, mtandao ukikatika katikati alichojaza kinabaki au anaanza upya? Wanunuzi wawili wakioda mzigo mmoja kwa wakati mmoja nani anapewa? Mkulima akishamuuzia dalali na tangazo bado lipo je? Haya usipoyaandika developa ataamua mwenyewe saa nne usiku akiwa amechoka. Rangi muachie dizaina.

Mwanzisha mada
Asanteni sana. Na bosi anataka malipo na mikopo viwemo humo humo?

Jibu 2
Weka kichwa cha habari kabisa "Hatufanyi awamu hii", andika mikopo, malipo, usafiri, na sababu ya kila kimoja, afu bosi asome hiyo sehemu mbele yako. Wengi wanairuka hii na ndo inayookoa kazi. Yale ambayo bado hamjaamua yaorodheshe pia, kila swali na mtu wa kulijibu na tarehe.

Jibu 1
Naunga mkono. Ukimaliza mpe developa aisome peke yake, kisha akusimulie atakachojenga, wewe sikiliza tu usimsahihishe. Akisimulia tofauti, hapo ndo pa kuandika upya.

Mwanzisha mada
Nimewaelewa wakuu. Jumamosi naenda Uyole nikaone wanavyopakia na kupima, nikirudi naandika ukurasa wa kwanza upya nauweka hapa mnipitie.