MREJESHO: Waridi la njano lililotoa maua ya damu ya mzee

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini tawi nililopewa na jirani, kutoka waridi lake la njano, limechanua rangi ya damu ya mzee. Aliyesema "fukueni shina" ndiye aliyepatia.

Tumefukua. Waridi la jirani limebebeshwa, kama miche ya maembe kule nyumbani: njano juu, aina nyingine chini. Hapa Marekani hiyo ya chini mara nyingi huwa aina ya waridi jekundu iivu iitwayo Dr. Huey, na maua yangu yanafanana nayo kabisa, hadi ule unjano wa katikati. Tawi langu lilikatwa kwenye fimbo ndefu iliyochipuka chini ya kovu la kubebesha, pale aina hizo mbili zilipounganishwa. Kwa hiyo halikubadilika rangi hata kidogo. Limemfuata mama yake halisi.

Mliolaumu mbolea na udongo, poleni. Jua kali hufifisha waridi, lakini njano haiwi nyekundu hivyo.

Dr. Huey huchanua mara moja tu kwa mwaka, ila nalibakiza, litambae kwenye uzio. Jirani yeye anayang'oa machipukizi ya chini kabla hayajaimeza njano yake, na kaniahidi tawi jingine, la juu ya kovu.