Wachapaji barua wa Mtwara na Lindi, acheni kuwaharibia vijana maombi ya kazi kwa "Mpendwa Bwana/Bibi"

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Kila nafasi zikitangazwa, iwe udereva wa halmashauri au ukarani wa msimu wa korosho kwenye AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), vijana wanakimbilia steshenari. Mchapaji anafungua barua ya mteja wa jana, anabadilisha jina na namba ya simu, anaprinti, anapokea hela. Kijana wa Newala anatoka pale na karatasi yenye "Mpendwa Bwana/Bibi", mkwaju uko katikati haujafutwa. Amelipia barua ambayo hata haijaamua inamwandikia mwanamume au mwanamke!

"Mpendwa" ni la mchumba, au la waumini kanisani. Barua rasmi ya Kiswahili ina neno lake tangu enzi za TANU: "Ndugu". Halibagui mke na mume, wala huhitaji kujua nani amekalia kile kiti. Ukiandika "Bwana Mkurugenzi" kumbe mkurugenzi ni mama, umemkosea kabla hajafika kwenye ombi lenyewe. "Ndugu Mkurugenzi," halimkosei yeyote. Hata "Ndugu," peke yake linatosha, ukifuatisha mkato.

Na heshima ikizidi nayo inaharibu. Barua ya kazi haiamkii, kwa hiyo toeni "Shikamoo" na "Habari za kazi". "Mheshimiwa" waachieni wabunge, madiwani, mahakimu na mkuu wa wilaya. "Bosi" na "Mzee wangu" yabaki kijiweni. "Kwa yeyote anayehusika" ni ya barua ya utambulisho, ile ambayo mtu ataionyesha popote aendako. Kwenye ombi la kazi inaonyesha kwamba tangazo hukulisoma, maana tangazo lilishakutajia wa kumwandikia.

Hapo ndipo penye kosa kubwa kuliko yote. Salamu inafuata anwani, na anwani inatoka kwenye tangazo. Tandahimba, Nanyumbu, Ruangwa, Liwale ni halmashauri za wilaya, mwandikie Mkurugenzi Mtendaji. Nanyamba ni Mkurugenzi wa Mji. Lindi mjini na Mtwara-Mikindani ni Mkurugenzi wa Manispaa. Masasi na Newala fungueni macho: kila moja ina halmashauri mbili, ya mji na ya wilaya, na faili la jana likibaki na ile nyingine ndiyo basi, ofisi inaona wazi barua iliandikwa kwa wengine.

Halafu kuna wanaomwandikia Mkuu wa Wilaya. Jamani! Yule ni wa Serikali Kuu. Mwajiri wa halmashauri si yeye, ofisi yake nyingine, masjala yake nyingine. Barua inagongwa muhuri kule, inakaa ikisubiri kupelekwa inakohusika, siku ya mwisho inapita. Ndiyo maana nakasirika. Salamu mbaya inatia aibu, lakini anwani mbaya inamkosesha mtu nafasi.

Mchapaji, ni dakika tano tu. Dai tangazo lenyewe, usikubali maelezo ya mdomo. Anwani ya mwombaji na tarehe juu kulia. Chini yake, kushoto, cheo cha mwandikiwa, ofisi, S.L.P. na mji, neno kwa neno kama tangazo lilivyoandika. Ruka mstari, weka "Ndugu,". Kisha kichwa kwa herufi kubwa, YAH: MAOMBI YA KAZI YA DEREVA DARAJA LA II, na daraja usilibuni. Sentensi ya kwanza itaje tangazo na tarehe yake. Mwisho "Wako mtiifu," uache nafasi ya saini, halafu jina kamili. Kabla ya kuprinti, msomee mteja ile anwani kwa sauti.

Na msiwaambie watu kwamba kuomba mtandaoni kumefuta haya. Mfumo wa Sekretarieti ya Ajira unataka barua uliyoisaini kwa mkono wako, na barua hiyo ina mwandikiwa wake kama nyingine yoyote.

NYONGEZA kwa waliouliza:

Hospitali za misheni kama Ndanda na Nyangao: tangazo likimtaja Mganga Mfawidhi, andika "Ndugu Mganga Mfawidhi,". Unaandikia cheo. "Mhashamu Baba Askofu," ni pale tu tangazo limekuelekeza kwa askofu mwenyewe.

AMCOS: soma lile karatasi la ubaoni. Kama ni mwenyekiti wa bodi, "Ndugu Mwenyekiti,". Kama ni meneja, "Ndugu Meneja,". Usiwaweke wote wawili.

Aliyeko tayari kwenye utumishi wa umma na anaomba kada nyingine: chini ya anwani ya mwandikiwa ongeza "Kupitia kwa" na cheo cha mwajiri wako wa sasa, naye aipitishe kwanza. Salamu inabaki kwa yule wa juu.