Mrejesho: mimba ya pili baada ya mtoto njiti

Assalaam aleikum wapenzi. Niliuliza hapa: wa kwanza alizaliwa wiki ya 31, nina mimba tena, nifanyeje yasijirudie?

Nimejifungua wiki ya 36 na siku 2. Kwa daktari bado ni njiti, mpaka zitimie wiki 37, lakini huyu alilia palepale, kilo 2.4!

Dada uliyenishikilia nipime mkojo hata kama siumwi, Mungu akulipe. Nilikutwa na maambukizi, dalili hata moja sina. Nikameza dawa hadi ya mwisho. Skani nayo ikaonyesha mlango wa kizazi umefupika, nikapewa projesteroni, homoni ya kusaidia kushikilia mimba, ya kuweka ukeni kila usiku. Mitungi ya maji ya mkokoteni akaipandisha shemeji yenu, ghorofa ya tatu, huku akinung'unika.

Hata hivyo chupa ya uzazi ilipasuka ghafla alfajiri. Sababu haikupatikana, daktari anasema mara nyingi haijulikani.

Yule aliyenishauri ninywe madafu: nimekunywa sana, matamu, ila sidhani yalizuia kitu. Sasa hivi mtoto yuko kifuani, ngozi kwa ngozi, leso juu yetu. Naandika kwa kidole kimoja. Shukran.