Mgombea akitaja mamilioni ya ajira, muulize kwanza anafuta kibali gani

Wakuu salaam. Kila msimu wa kampeni tunagawiwa namba ya ajira. 2005 ilikua milioni moja, 2020 ilani ya CCM ikaja na milioni nane, wapinzani nao wana za kwao na sisi tunapiga makofi tu. Nani anaihakiki? Mtu kakosa kazi kafungua genge la nyanya nae anahesabiwa kajiajiri.

Mi swali langu ni kwamba utafuta kibali gani, na ukishakifuta halmashauri itakula wapi? Hiyo ya pili ndo wanaikwepa wote. Serikali ilishaandika ule mpango wa Blueprint 2018 wa kupunguza usumbufu kwa wafanyabiashara na kuna vitu vimefanyika kweli tusiwe wachoyo wa kusema, mfano mtu wa kusindika chakula alikua anaenda TFDA (mamlaka ya chakula na dawa) anaenda na TBS (shirika la viwango) kwa bidhaa ileile, 2019 chakula na vipodozi vikahamia TBS na TFDA ikageuka TMDA ikabaki na dawa na vifaa tiba. Ila shuka huku chini kwa halmashauri uone. Leseni, ada ya taka, ushuru wa huduma ambao miaka na miaka ulikua asilimia 0.3 ya MAUZO, siyo faida, yani umekula hasara mwaka mzima na bado unadaiwa. Na mkurugenzi anapimwa kwa mapato ya ndani, sasa atakuonea huruma ya nini?

Mchangiaji 1: Mkuu umeongea nusu. Novemba 2024 ghorofa limeanguka Kariakoo limeua watu zaidi ya 20 waliotoka kwao kwenda kutafuta riziki. Utaniambia pale ukaguzi ulizidi? Hizi lugha za kuondoa urasimu zinanoga jukwaani ila wa kwanza kuzikwa ni muuza duka na kijana wake wa kazi.

Mleta mada: Ukaguzi wa jengo sigusi hata kidogo, tena uongezwe. Nachosema mgahawa wa meza nne leo anakuja bwana afya, kesho zimamoto, wiki ijayo OSHA (wale wa usalama na afya mahali pa kazi), na kila mmoja ana ada yake na namba yake ya malipo. Waje siku moja, bili moja, na wakague kweli siyo kuangalia risiti ukutani tu wakaondoka.

Mchangiaji 2: Sisi machinga tunaielewa sheria moja tu, kile kitambulisho cha Magufuli Desemba 2018. Elfu 20 mwaka mzima, mgambo hakugusi. Aligawa laki sita na sabini kwa wakuu wa mikoa siku ile. Ilivyofika 2021 tukaambiwa tupishe barabara tukapelekwa sehemu mteja hafiki, na hao hao wanarudi wanatuomba kura kwa jina la vijana 😂

Mchangiaji 3: Elfu 20 unaona sawa kwa sababu hukai kwenye fremu. Mi nalipia fremu, leseni, TRA, nikifungua asubuhi kuna mtu katandika turubai mlangoni kwangu anauza viatu vilevile. Nyie mnasema ajira, mi nilimpunguza kijana wa dukani. Kariakoo tulipofunga maduka Mei 2023 mpaka Waziri Mkuu akaja Mnazi Mmoja, watu walidhani tunakataa kodi. Kodi tunalipa, tulichochoka ni kamatakamata.

Mchangiaji 4: Huku Kenya 2022 tuliimbiwa mama mboga na bodaboda mpaka tukakariri. Hustler Fund ikaja Novemba hiyohiyo, mkopo unaanzia bob 500, mtu anafungua biashara gani na 500? Halafu 2024 Mswada wa Fedha ukataka VAT kwa mkate, mnajua vile iliisha. Kanjo, yani askari wa kaunti, nao hawajawahi kuacha kubeba mali ya watu, governor awe wa chama gani.

Mchangiaji 1: Na ile amri ya Julai 2025 ya kuzuia wageni biashara 15, rejareja, saluni, kutengeneza simu, mbona mleta mada umeiruka? Ilikuja miezi mitatu kabla ya kura.

Mleta mada: Sijairuka, naiunga mkono kwa sehemu, kinyozi wa kutoka nje wa nini. Ila mgeni akitoka kwenye fremu, Mtanzania anaeingia anakutana na ada zilezile. Na kitu wengi hatufatilii, ushuru mwingi wa halmashauri unapita kwenye sheria ndogo, na wanaozipitisha ni madiwani. Rais tunamjazia uwanja, mkutano wa diwani tunapita na bajaji hata hatusimami. Mnaomjua mgombea udiwani wa kata yenu leteni hapa, anasemaje kuhusu ushuru?