Kabras v KCB Kakamega Jumamosi: basi la usiku, gari la kuchanga ama nibaki Nairobi na strimu?

MwanaRuaraka
Wadau habari zenu. Jumamosi wanabenki wetu KCB wanaenda Kakamega kucheza raga na Kabras pale Showground na mwaka huu nimeamua siwezi kuendelea kusikia tu stori za wenye walienda. Shida ni usafiri. Naona njia tatu, basi la usiku Ijumaa, ama niingie kwa gari la marafiki tuchange mafuta, ama nibaki tu Nairobi nione kwa strimu. Kuna mtu pia ameniambia niruke hadi Kisumu halafu nishike matatu. Mnaonaje? Na mniambie ukweli, tuna nafasi ama naenda kulia huko? Nataka kulipa leo jioni.

Refa_Mstaafu
Kijana, umeuliza vizuri lakini umeacha yote ya maana. Mko wangapi? Unataka kurudi lini, Jumamosi usiku ama Jumapili? Hilo gari la marafiki ni gari gani, na dereva ni nani, ni mtu wa kukesha kwa baa Ijumaa ama ni mtu wa kulala mapema? Bajeti je? Bila hayo kila mtu hapa atakwambia tu kile yeye anapenda.

Mnyore_wa_Naks
Gari la kuchanga mafuta, funga hesabu. Mtoke Nairobi saa kumi asubuhi kabla malori hayajaamka, mkifika Nakuru mnakunywa chai, halafu msipite Kericho. Pitieni juu, mkate Kapsabet mshuke hadi Chavakali, mkitokea pale mko kwa barabara ya Kisumu na Kakamega, mnapinda kulia tu na mmefika. Njia ni nzuri, mashamba ya chai pande zote mbili na malori ni machache. Basi la usiku linakutupa Kakamega saa kumi na moja asubuhi na mechi ni saa kumi jioni, utafanya nini siku nzima na macho mekundu?

Mama_Winga
Mimi nitaongea kuhusu hizo shatol za usiku, zile matatu za safari ndefu, kwa sababu sitaki mtu apitie yale nilipitia. Mwaka fulani kijana wangu alikuwa anacheza winga kwa timu ya wachezaji wa akiba, na siku hizo mechi yao inatangulia ile kubwa, kwa hivyo nilitaka kufika mapema. Nikalipa shatol moja, jina sitataja, wakatuambia tunatoka saa tatu usiku. Saa tatu ikafika gari halijajaa, saa nne, saa tano, tukatoka karibu saa sita tukiwa tumebanana watu wanne kwa kiti cha watu watatu na mtu ameweka gunia miguuni pangu. Kupita Salgaa gari likaanza kunuka, dereva anasema ni breki zimepata moto zitapoa tu, akaendelea. Mbele kidogo akasimama kabisa gizani, hakuna rifleta, hakuna tochi, malori yanapita karibu mpaka gari linatikisika, na kondakta anatuambia tukae ndani. Ndani! Nikashuka mimi na kina mama wengine tukasimama kule juu kwa nyasi na baridi ya huko mnaijua. Gari la kutuokoa lilikuja kukipambazuka na wakataka tuongeze pesa. Nilifika Showground mechi ya mtoto imeisha, ananiuliza mama uliona nikifunga trai, nikakosa la kumwambia. Pesa sikurudishiwa na simu yao ilizimwa. Kwa hivyo kama ni basi chukua basi kubwa la kampuni inayoandika namba ya kiti kwa tiketi na inatoka na saa yake hata kama viti viko wazi. Shatol ya kungoja ijae usiku, hapana.

Namba9
Pole sana Mama Winga. Hiyo ya kuzima simu hata mimi naijua.

Sasa kuhusu mechi. Nafasi tunayo, wacha watu wakutishe. Kitu kinatumaliza kule ni nidhamu, sio nguvu. Tunawapa penalti za bure kwa raki, lile rundo la kupigania mpira chini, wanapiga mpira nje, wanakuja na laini auti, ule mpira wa kurushwa kutoka nje, karibu na laini yetu. Tukicheza dakika themanini bila upuzi wa mikono kwa raki tunashinda.

Shinyalu_Damu
Karibuni Kakamega, tutawapokea na isukuti. Lakini mjue mnakuja kwa mvua. Msimu huu hapa kwetu asubuhi jua linawaka vizuri, saa nane wingu linatoka upande wa msitu, saa tisa na nusu imeshamwaga, na mechi ni saa kumi. Uwanja ukilowa nyinyi wa kutupa pasi ndefu hadi kwa winga mtaangusha mpaka mchoke. Sisi tutapiga penalti nje, mita tano, huka anarusha mpira kwa namba nne anayeruka juu, anashuka nao, watu saba wanajifunga nyuma yake, moli, yaani rundo la kusukuma, inaanza kutembea polepole na uwanja wote unaimba. Hiyo kitu haina dawa. Ukiivuta chini refa anatoa kadi ya njano na mnabaki kumi na wanne.

Namba9
@Shinyalu_Damu dawa iko. Usirushe mtu juu kupigania mpira, acha fowadi wako wote miguu chini wakiwa tayari, na huyo namba nne akigusa tu nyasi mnamkamata yeye mwenyewe na kumwangusha kabla wenzake hawajajifunga. Hapo hakuna kosa, ni halali. Shida ni ukichelewa hata sekunde moja, moli ikishaundwa ukiiangusha ni penalti. Fowadi wetu wa sasa wanaweza, ni suala la kuzoeshwa wiki hii mazoezini.

Refa_Mstaafu
Namba9 anasema kweli kisheria. Lakini muelewe pia refa haoni vile nyinyi mnaona kwa jukwaa. Kwa matope watu kumi na sita wako kwa rundo moja, kujua nani aliangusha ni kazi. Timu inayosukuma mbele ndiyo hupata faida ya shaka, hiyo iko dunia nzima.

Bin_Likoni
Nyie watu wa bara mnapenda kujitesa. Mie nasema baki nyumbani, nunua bando, fungua strimu uweke kwa tivii, alika jamaa wawili watatu, mechi ikiisha umelala kitandani kwako. Mie huku Mombasa raga ya kumi na tano kubwa siioni kwa macho ila mashindano ya wachezaji saba saba ya Driftwood yanapokuja, na bado naifuata ligi yote kwa simu.

Mnyore_wa_Naks
@Bin_Likoni strimu ya kamera moja, ikinyesha lenzi inajaa maji na mtangazaji hajui namba za wachezaji? Hapana kaka. Raga ya Kakamega ni ya kusimama kando ya kamba, unasikia fowadi wakigongana kwa skramu. Hiyo haiko kwa simu.

Bin_Likoni
Haya, lakini mwenye kuuliza hakusema anataka kusikia skramu, kasema anataka kujua njia ipi afadhali.

Nondi_wa_Jamhuri
Naingilia kidogo. Mnaongea kuhusu KCB na Kabras kila mwaka kama hakuna timu zingine. Angalieni wenyewe, 2013 na 2014 Nakuru walibeba, baada ya hapo kuanzia 2015 hadi 2024 Kenya Cup, hii ligi yetu kuu, imekaa kwa KCB na Kabras tu, 2020 ndio haikumalizika kwa sababu ya korona. Mmoja ni benki mwingine ni kiwanda cha sukari. Mchezaji mzuri akitoka chuo anaulizwa unataka kazi wapi, si unataka kucheza wapi. Sisi Nondies, klabu ya Nondescripts, tuko tangu 1923 na hatuwezi kushindana na mshahara. Hii ligi inakufa polepole na nyinyi mnashangilia.

Namba9
Aah buda, kwani ni makosa kumpa mchezaji kazi? Miaka ya nyuma vijana walivunjika magoti na hawana hata bima. Wacha benki walipe, na wengine watafute wadhamini.

Nondi_wa_Jamhuri
Sijasema wasilipwe. Nasema ligi ya timu mbili haijengi Simbas, timu yetu ya taifa. 2022 tulienda Ufaransa fainali ya Afrika, Namibia wakatupiga 36-0. Halafu 2025 Kampala ni Zimbabwe ndio walipiga Namibia 30-28 na kufuzu Kombe la Dunia 2027. Zimbabwe! Wachezaji wetu wanakutana na mechi ngumu ya kweli labda mara tatu nne kwa msimu, zingine zote wanashinda kwa pointi hamsini.

Mnyore_wa_Naks
Hapo kwa Simbas nakubaliana na wewe kabisa, lakini hiyo fungua uzi wake, huyu kijana anataka kulipa tiketi leo.

MwanaRuaraka
Asanteni nyote, na Mama Winga pole sana kwa hayo. Kujibu mzee Refa: tuko wawili, mimi na babangu. Yeye alicheza propu, safu ya mbele ya skramu, zamani na hajawahi kuona mechi Kakamega, na goti lake moja halikunji vizuri. Jumapili saa nne lazima awe kanisani Nairobi, ni mzee wa kanisa na siku hiyo ana zamu. Gari la marafiki ni probox, tutakuwa watano.

Refa_Mstaafu
Si ungesema hivyo kutoka mwanzo! Sasa maneno yamebadilika. Mzee mwenye goti kwa probox ya watu watano, saa saba ama nane barabarani, halafu urudi usiku huo huo? Usimfanyie hivyo babako.

Mama_Winga
Nakubaliana na Refa. Kwa mzee ni ndege hadi Kisumu Jumamosi asubuhi. Ni kama dakika arobaini na tano angani, halafu Kisumu hadi Kakamega ni kama kilomita hamsini, mnapita Kiboswa, Majengo, Mbale, Chavakali, barabara ni nzuri. Usimpandishe ile ya watu kumi na wanne, kodi teksi mpatane kwenda na kurudi. Shida ni ndege ya jioni, mechi ikianza saa kumi inaisha karibu saa kumi na mbili, uliza kama mtawahi ya mwisho.

Namba9
Hawataiwahi hiyo, na kama mechi imechelewa kwa sababu ya mvua ndio kabisa. Ndege ya kwenda, basi kubwa la usiku la kurudi, mzee akae kiti cha mbele penye anaweza kunyoosha mguu. Wanafika Nairobi alfajiri, anaoga, anaenda kanisani.

Mnyore_wa_Naks
Ama gari, lakini la kwenu wawili tu, mkodishe, mzee anyooshe mguu nyuma, mkirudi mlale Nakuru na mtoke saa kumi na moja asubuhi. Nakuru hadi Nairobi Jumapili asubuhi hakuna foleni, ile ya Gilgil na Naivasha ni ya jioni watu wakirudi mjini.

Shinyalu_Damu
Mkija na mzee njooni mapema nimtafutie kiti kwa jukwaa lenye paa, huko kwa kamba ni matope. Na kama mtafika asubuhi, Khayega kuna mafahali wanapigana Jumamosi, ni karibu tu na mjini. Wazee wetu wote huanzia huko kisha wanakuja raga. Halafu mnakula ingokho, kuku wa kienyeji, na ugali, sio ile kuku ya Nairobi ya wiki sita.

Bin_Likoni
Mafahali na goti bovu? Akikimbizwa itakuwaje?

Shinyalu_Damu
Watu husimama mbali bwana, na kuna miti. Mzee atafurahia. Propu akiona fahali wawili wamefunga pembe anajua kabisa ni nini kinaendelea pale.

Mama_Winga
Mimi bado nasema fahali aachane nao siku hiyo. Akachoke kwa mechi, sio kabla ya mechi.

Namba9
Kitu moja MwanaRuaraka hajajibiwa sawasawa, nafasi yetu. Hesabu yangu ni hii. Timu mbili za juu zinaruka robo fainali moja kwa moja hadi nusu na zinacheza nyumbani. Kwa hivyo hata tukipoteza kwa pointi saba kurudi chini tunapata pointi moja ya bonasi na hiyo inaweza kutuweka nyumbani Ruaraka kwa nusu fainali. Ningekuwa kocha, kila penalti karibu na posti napiga nichukue pointi tatu, sitaki mambo ya kwenda kona kutafuta trai kwa matope. Tatu, sita, tisa, waanze kuwa na wasiwasi mbele ya watu wao.

Shinyalu_Damu
Piga tatu zenu. Sisi tukifunga trai mbili na konvashoni ni kumi na nne na mechi haijafika hafu taimu.

Refa_Mstaafu
Namba9 hiyo ya kupiga tatu ni sawa kama mpigaji wako ana mguu siku hiyo. Mpira ukilowa unakuwa mzito na pale pa kusimamia panateleza. Mimi ningeangalia nani anavaa jezi namba kumi kwanza, maana ndiye hupiga mara nyingi. Kikosi hutoka Ijumaa.

Nondi_wa_Jamhuri
Kuna mtu anajua ni refa gani amepangiwa hii mechi? Hiyo kwangu ndio itaamua skramu.

MwanaRuaraka
Nimemuuliza mzee, anasema ndege hapandi, na probox haimtishi, alisafiri kwa lori la timu hadi Kampala wakati wake. Lakini hiyo ya kulala Nakuru imemwingia. Mnyore, unajua mahali pazuri pa kulala pale karibu na barabara kuu, pa bei ya kawaida, palipo na chumba cha chini kabisa bila ngazi?

Mnyore_wa_Naks
Niandikie inboksi. Na muulize mzee alikuwa propu wa kushoto ama wa kulia.