Maktaba za vyuo kwenye dunia pepe: acheni kuweka mali ya chuo kwenye akaunti ya mtu mmoja!

Wakutubi wenzangu na wadau wa elimu, salaam.

Uzi huu naufungua nikiwa na hasira. Chuo kinatangaza maktaba ya dunia pepe, yaani mahali pa pande tatu kwenye kompyuta ambamo watu hutembea kwa avata, mwili wa kuchorwa unaomwakilisha kila mtu; picha za jengo la vioo zinasambazwa kila kona, mkutubi aliyelijenga anahamia kazi nyingine, na baada ya muda hakuna jengo, hakuna darasa, hakuna hata faili moja la kuanzia upya. Kisha ripoti inasema teknolojia haikufaa. Hapana! Hasara hiyo huanza wiki ya kwanza, pale mtu anapofungua akaunti kwa barua pepe yake binafsi na kuanza kujenga.

Tukumbushane kidogo. Mwaka 2006 Alliance Library System ya Illinois, Marekani, ilianzisha Info Island, kisiwa cha maktaba ndani ya dunia pepe iitwayo Second Life. Wakutubi wa kujitolea walikaa zamu kwenye dawati la marejeleo wakijibu maswali ya watu wasiowajua, na vyuo vikafuata kwa kukodi visiwa vyao. Kisiwa kizima ni mita 256 kwa 256. Kodi ya kawaida ilikuwa dola 295 kwa mwezi, taasisi za elimu zikilipa nusu, yaani dola 147.50. Oktoba 2010 Linden Lab, kampuni yenye Second Life, ikatangaza kwamba punguzo linafutwa kuanzia Januari 2011, katikati ya mwaka wa fedha wa vyuo vingi. Lilirudishwa 2013, wakati wengi walikuwa wameshafunga virago.

Kupandisha kodi ni hiari ya mwenye nyumba. Kinachoniuma ni mpangaji kuondoka bila vyombo vyake, na sababu iko wazi kwa yeyote aliyewahi kubofya kitu humo na kusoma taarifa zake. Kila kitu kinabeba jina la aliyekitengeneza, jina la anayekimiliki, na ruhusa tatu kwa mmiliki atakayefuata: kurekebisha, kunakili, kuhamisha. Ukiziacha kama zilivyo unapotengeneza kitu kipya, mmiliki anayefuata anakosa baadhi ya ruhusa hizo. Kitu kisicho na ruhusa ya kuhamisha hakikabidhiki kwa kikundi cha maktaba hata mkurugenzi aandike barua kumi.

Kuna kosa jingine dogo linaloua huduma kimyakimya. Karatasi ya maelezo iliyowekwa ndani ya kisanduku ina ruhusa zake yenyewe. Ikiwa haina ruhusa ya kunakili, mwanafunzi wa kwanza anayegusa kisanduku anaondoka nayo, na wa pili anakuta patupu. Watu wamelaumu seva kwa jambo hili wakati tatizo ni alama moja iliyosahaulika.

Na msidhani kununua rafu nzuri kwa wachuuzi wa humo ndani kunasaidia. Firestorm, programu ya kuingilia Second Life, inaweza kutoa kitu kwenda kwenye faili, lakini inakagua jina la mtengenezaji wa kila kipande na kutoa ulichokitengeneza mwenyewe tu. Kumiliki kitu chenye ruhusa zote tatu hakutoshi. Rafu ya kununua itabaki huko huko.

Kwa hiyo fanyeni hivi kabla ya tofali la kwanza. Sajilini akaunti kwa niaba ya chuo, kwa barua pepe ya idara, na ankara ije kwa idara. Mwenye kisiwa ni akaunti, si kikundi, kwa hiyo akaunti ya fundi binafsi isimiliki kisiwa kamwe. Wengine wapewe umeneja. Vipande vya ardhi na vitu vya pamoja vikabidhiwe kwa kikundi chenye wanachama wasiopungua wawili. Rafu, meza na mabango vichorwe nje, kwa Blender au programu nyingine ya kuchora vitu vya pande tatu, kisha vipandishwe. Faili za asili, picha na maandishi yote vikae kwenye hifadhi ya chuo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wakutubi ndio watu wa mwisho wanaopaswa kukumbushwa hilo.

Wanaotumia OpenSimulator, programu ya kuendesha dunia pepe ya aina hii, kwenye seva yao wana nafuu kubwa: amri moja, save oar, inatoa eneo zima, ardhi, vitu, picha na skripti, kwenye faili moja. Lakini mabegi ya watumiaji, yaani vitu ambavyo kila mtu amejihifadhia, hayamo. Hayo yanataka save iar, begi moja moja. Na nakala ambayo haijawahi kufunguliwa kwenye mashine nyingine msiihesabu kuwa nakala.

Msijifariji pia kwamba majukwaa mapya yamelimaliza tatizo hili. Microsoft ilizima AltspaceVR tarehe 10 Machi 2023. Mozilla ilifunga huduma yake ya Hubs tarehe 31 Mei 2024. Aliyekuwa na mafaili ya GLB (aina ya faili la michoro ya pande tatu) ya vyumba vyake alikuwa na pa kuanzia. Aliyekuwa na picha za ufunguzi alibaki na picha za ufunguzi.

Sasa darasa lenyewe. Kwa nini mnajenga dari ya mita tatu? Kamera iko nyuma na juu ya avata, kwa hiyo inagonga dari na mwanafunzi haoni kitu. Wekeni mita 6 au zaidi, au msiweke paa kabisa, mvua hainyeshi humo. Gumzo la kawaida linasikika mita 20, kupiga kelele ni mita 100: madarasa mawili yaliyokaribiana yanachanganya maandishi.

Kubwa zaidi ni kufundisha utafutaji kwenye kanzidata kupitia ukurasa wa wavuti uliobandikwa ukutani. Kila kompyuta inafungua ukurasa wake. Mwalimu anashusha ukurasa hadi kwenye vichujio vya mwaka na somo, wanafunzi bado wanatazama kichwa cha ukurasa, na kila mmoja anadaiwa nywila ya chuo upya. Wapeni kiungo wafungue kwenye kivinjari chao, dunia pepe ibaki kwa sauti, maswali na kazi za vikundi. Kipindi cha kwanza kisiwe na somo lolote: dakika 30 za kutembea, kukaa, kuzima maikrofoni. Mwiteni fundi wa mtandao siku kadhaa kabla, kwa sababu milango ya UDP, njia ambazo data za dunia pepe hupitia kwenye mtandao, ikifungwa mtu anakwama kwenye kuingia tu.

Na nyie mnaotangaza jumuiya ya dunia nzima, saa ya Second Life ni ya Pasifiki, yaani ya pwani ya magharibi ya Marekani. Mkutano wa saa 11 jioni huko ni saa 9 usiku Dar es Salaam na Nairobi, na wakati wa baridi yao ni saa 10 alfajiri. Zungusheni saa, ama mwite jumuiya yenu kwa jina la eneo lake.

Wenye maktaba ambazo bado zimesimama: ingieni leo, bofyeni rafu tano, someni jina la mtengenezaji na ruhusa za mmiliki anayefuata, kisha wekeni matokeo hapa chini. Majina ya watu yafuteni. Tutaangalia moja moja nini kinaokoleka kabla mkutubi wenu hajahama.